Pico: Jina Lililobaki Ardhi Ilipokwenda

Barabara ya Pico huanzia karibu na katikati ya jiji la Los Angeles, huelekea magharibi kwa takriban kilomita 25, na kuishia Santa Monica mbele ya Bahari ya Pasifiki. Njiani hupita Pico-Union, mtaa wa wahamiaji wengi kutoka El Salvador na Guatemala, kisha Pico-Robertson, mtaa wa masinagogi na mabucha ya Kiyahudi. Katikati ya mitaa hiyo, kwenye eneo la Wakorea, ipo maktaba ya umma ya Pio Pico. Mashariki ya jiji uko mji unaojitegemea, Pico Rivera. Kaskazini liko Korongo la Pico, lililofungua biashara ya mafuta ya petroli ya California, na wanajiolojia wakachukua jina la korongo hilo wakalipa tabaka zima la miamba. Kuna hoteli ya Pico, kuna nyumba mbili za kale zenye jina hilo, na katika vitabu vya sheria kuna kesi ya Pico inayosomwa mpaka leo.

Jina ni la familia moja. Iliingia California ikiwa familia ya askari wa kawaida, ikapanda mpaka kiti cha gavana, ikamiliki ardhi ambayo mtu alihitaji siku nzima juu ya farasi kuimaliza, kisha ikapokonywa karibu yote. Historia yake inamhusu pia Mwafrika, kwani damu ya Afrika imo ndani ya familia hii, na vibao vya barabarani havisemi hivyo.

Kutoka Sinaloa, 1775–1801

Mwishoni mwa mwaka 1775 Luteni Kanali Juan Bautista de Anza aliongoza msafara wa watu zaidi ya 200 kutoka kaskazini mwa Mexico, iliyokuwa koloni la Hispania, kuelekea California. Wengi walikuwa familia maskini za Sinaloa na Sonora. Waliahidiwa mshahara wa askari, nguo, chakula na mifugo, na kwa mtu asiye na shamba wala akiba ahadi hiyo ilitosha kumvusha jangwa na watoto wake. Miongoni mwao alikuwamo Santiago de la Cruz Pico na mkewe María Jacinta de la Bastida.

Utawala wa Kihispania uligawa watu kwa damu na kuliandika daraja la kila mmoja katika daftari za kanisa na serikali. Sensa ya mwaka 1790 ilimwandika Santiago kuwa mestizo, yaani mchanganyiko wa Mhispania na Mwenyeji wa asili. Mkewe aliandikwa kuwa mulata, mwenye asili ya Afrika. Hilo halikuwa jambo la ajabu Sinaloa. Kwa zaidi ya karne mbili watumwa wa Kiafrika walishushwa Mexico, wengi kutoka Afrika Magharibi na Kongo kupitia bandari ya Veracruz. Wapo pia waliotolewa Msumbiji na Wareno, wakapelekwa Asia, kisha wakavushwa Pasifiki kwa meli za Manila hadi Acapulco. Watoto na wajukuu wao walijaa migodini, mashambani na katika majeshi ya mipakani. Los Angeles ilipoanzishwa mwaka 1781, walowezi wake wa kwanza walikuwa 44, na zaidi ya nusu yao walikuwa na asili ya Afrika. Jiji hilo lilianza likiwa na watu weusi ndani yake tangu siku ya kwanza.

Mpakani mwa dola, hata hivyo, daraja halikuwa gumu kama Mexico kwenyewe. Serikali ilihitaji askari na wakulima, na kadiri mtu alivyopata cheo, ng'ombe na mkwe mwenye heshima, ndivyo karani alivyomwandika mweupe zaidi. Watoto wa María Jacinta walinufaika na ulegevu huo. Mmoja wao, José María, alikuwa askari wa ulinzi katika Misheni ya San Gabriel, na hapo ndipo mkewe alipomzaa Pío tarehe 5 Mei 1801. Mdogo wake Andrés alizaliwa San Diego mwaka 1810. Ndugu hao wawili ndio walioifanya Pico kuwa jina la kuandikwa kwenye ramani.

Duka, ng'ombe na siasa, 1819–1846

José María alifariki mwaka 1819 bila kuacha kipande cha ardhi. Pío, kijana wa miaka 18, alibaki na mama, dada kadhaa na wadogo wa kulisha. Akafungua duka dogo San Diego, akauza vyakula, samani na pombe. Inasimuliwa kuwa alipimia pombe kwa pembe ya ng'ombe aliyoizibia kitako cha uongo cha mbao, ili mteja aone pembe imejaa huku anakunywa kidogo. Alipenda pia kucheza karata kwa fedha, na tabia hiyo hakuiacha maisha yake yote.

Mexico ilipata uhuru mwaka 1821. Mwaka 1829 Rais Vicente Guerrero, ambaye naye alikuwa na asili ya Afrika, alipiga marufuku utumwa. Lakini lililobadilisha maisha ya familia kama ya Pico lilikuwa sheria ya mwaka 1833 iliyoziondoa misheni mikononi mwa mapadri. Misheni za California zilikuwa zimeshika ardhi bora ya pwani na maelfu ya ng'ombe. Ardhi hiyo ilitakiwa irudi kwa Wenyeji wa asili waliokuwa wameilima kwa kulazimishwa. Sehemu kubwa ikaangukia kwa waliokuwa karibu na serikali.

Hapa lazima nimseme Pío Pico vibaya, kwa kuwa ukweli ndio huo. Kuanzia mwaka 1834 aliwekwa kuwa msimamizi wa Misheni ya San Luis Rey, na Wenyeji wa hapo walimlalamikia wazi kwamba anawatumikisha na kujilimbikizia mali yao. Mwaka 1841 yeye na Andrés wakamilikishwa ranchi ya Santa Margarita, iliyokatwa katika ardhi za misheni hiyo. Baada ya kuongezewa eneo la Las Flores, ranchi hiyo ilizidi ekari 133,000. Waliochunga, kuchuna na kubeba walikuwa watu walewale walioahidiwa kurudishiwa ardhi.

Utajiri wenyewe ulitokana na ngozi na shahamu. Meli kutoka Boston zilitia nanga San Diego na San Pedro, zikanunua ngozi za kushonea viatu na shahamu ya kutengenezea mishumaa na sabuni, na kuacha vitambaa, sukari na vyombo vya nyumbani. Nyama iliachwa nyikani, maana hapakuwa na mnunuzi.

Mwenye ng'ombe wengi alikuwa na sauti, na Pío aliitumia. Mwaka 1831 alishiriki uasi uliomwondoa Gavana Manuel Victoria, na mwanzoni mwa mwaka uliofuata akawa gavana kwa siku 20 hivi. Mwezi Februari 1845 wakazi walimfukuza gavana mwingine aliyetumwa kutoka Mexico, Manuel Micheltorena, na safari hii Pío alikikalia kiti kwa uhakika. Alihamishia makao ya serikali Los Angeles. Hazina ilikuwa tupu na habari za Wamarekani kuivamia California zilikuwa zinazidi, kwa hiyo akauza mali ya misheni ili apate fedha. Mwezi Juni 1846 aliuza karibu bonde zima la San Fernando kwa Eulogio de Célis kwa dola 14,000. Bonde hilo leo lina watu zaidi ya milioni moja.

Mikuki ya San Pasqual, 1846–1847

Marekani ilitangaza vita dhidi ya Mexico mwezi Mei 1846. Mwezi Agosti Pío alivuka mpaka kwenda kuomba silaha na askari. Hakupata kitu. Andrés alibaki.

Asubuhi ya tarehe 6 Desemba, karibu na kijiji cha San Pasqual, wapanda farasi wa Andrés walikutana na kikosi cha Jenerali Stephen Kearny. Wamarekani walikuwa wametembea kutoka New Mexico kupitia jangwani, nyumbu wao wamechoka, na mvua ya usiku ilikuwa imelowesha baruti. Wapanda farasi wa California hawakutegemea baruti. Walikuwa na mikuki mirefu, na walijua kumgeuza farasi wakiwa kwenye mbio kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa kazi yao ya kila siku machungani. Zaidi ya Wamarekani 15 waliuawa, Kearny mwenyewe akajeruhiwa.

Ushindi huo haukuweza kubadilisha vita. Tarehe 13 Januari 1847, huko Cahuenga, Andrés Pico alitia saini mkataba wa kusitisha mapigano pamoja na kamanda wa Kimarekani John C. Frémont. Wakazi wa California waliahidiwa usalama wa maisha na mali zao. Ahadi hiyo ilirudiwa katika Mkataba wa Guadalupe Hidalgo wa tarehe 2 Februari 1848, ulioikabidhi California kwa Marekani. Familia ya Pico ilikuwa imeahidiwa mara mbili, kwa maandishi, kwamba mali yake itaheshimiwa.

Karatasi zikashinda mikuki, 1848–1869

Kwanza mambo yalikuwa mazuri kupita matarajio. Dhahabu iligunduliwa, mamia ya maelfu ya watu wakamiminika kaskazini mwa California, na wote walihitaji kula. Ng'ombe ambaye awali thamani yake ilikuwa ngozi tu sasa aliuzwa nyama na yote. Pío, aliyerudi mwaka 1848, alitajirika kuliko alivyokuwa akiwa gavana. Alinunua ardhi ya Paso de Bartolo kando ya mto San Gabriel, karibu ekari 9,000, akajenga nyumba na kuiita El Ranchito, yaani ranchi ndogo.

Kisha ikaja sheria ya ardhi ya mwaka 1851. Kila aliyemilikishwa ardhi na Hispania au Mexico alitakiwa kufika mbele ya tume ya serikali ya Marekani na kuthibitisha kwamba ardhi ni yake. Mzigo wa ushahidi ukawekwa kwa mwenye mali. Mipaka ya zamani ilikuwa imeandikwa kwa kutaja mti, jiwe au kijito, na tume ilidai vipimo vya wapima ardhi. Aliyeshinda kwenye tume alikatiwa rufaa mahakamani. Kwa wastani shauri lilichukua miaka 17 mpaka hati kutolewa. Katika miaka yote hiyo wakili alilipwa, mpima ardhi alilipwa, na kodi ya ardhi, ambayo haikuwapo enzi ya Mexico, ililipwa kwa fedha taslimu.

Wenye ranchi walikuwa na ardhi na ng'ombe, lakini fedha taslimu hawakuwa nazo. Wakakopa kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi, wakiweka ranchi rehani. Bei ya ng'ombe ikaanguka katikati ya miaka ya 1850. Mafuriko makubwa yakaja msimu wa mvua wa 1861–1862, na baada yake ukame uliodumu hadi 1864 ukaangamiza mifugo kwa maelfu. Aliyekopa kwa matumaini ya kuuza ng'ombe hakuwa tena na ng'ombe.

Hata rangi ilirudi mezani. Katiba ya California ya mwaka 1849 iliwapa kura wanaume weupe tu. Manuel Domínguez alikuwa mmoja wa watu walioitia saini katiba hiyo, lakini mwaka 1857 alizuiwa kutoa ushahidi mahakamani San Francisco kwa sababu ana damu ya Wenyeji wa asili. Familia ya Pico iliishi chini ya sheria hizohizo. Andrés aliingia siasa za jimbo jipya, na mwaka 1859 alipendekeza wilaya za kusini zijitenge na California. Bunge la jimbo lilikubali, wapiga kura wa kusini wakakubali kwa wingi, lakini Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani vikaizika hoja hiyo Washington.

Binamu yao, Salomon Pico, alichagua njia nyingine. Akawa jambazi wa barabarani kati ya Los Angeles na Monterey, na mwaka 1860 alipigwa risasi kwa amri ya serikali huko Baja California. Vilima vya Solomon katika wilaya ya Santa Barbara vina jina lake la kwanza.

Pigo kubwa lilikuwa la Santa Margarita. Dada yao Isidora aliolewa na Mwingereza, John Forster. Mwaka 1864 shemeji huyo alikubali kulipa deni la Pío la dola 14,000, na Pío akatia saini hati ya kumpa ranchi. Pío alishikilia kwamba alikusudia kumpa nusu. Hati ilikuwa ya Kiingereza, lugha ambayo hakujifunza maisha yake yote, na ilisema ranchi yote. Shauri lilisikilizwa mwaka 1873 na Forster akashinda. Mwaka 1942 jeshi la Marekani lilinunua ardhi hiyo na kujenga Camp Pendleton, kambi ya kikosi cha Marine yenye jina la jenerali mmoja. Ardhi kubwa kuliko zote walizomiliki ndugu hawa haikuitwa kwa jina lao.

Hoteli, 1869–1880

Mwaka 1869 Pío aliuza haki alizokuja kuzipata baadaye katika bonde la San Fernando kwa kampuni ya Isaac Lankershim kwa dola 115,000. Ndiyo maana bonde hilo lina barabara ya Lankershim na mtaa wa Van Nuys, jina la mshirika wa Lankershim. Fedha alizopata alizitia katika jengo moja.

Hoteli yake, iliyochorwa na Ezra Kysor na kufunguliwa mwezi Juni 1870, ilikuwa jengo la kwanza la ghorofa tatu Los Angeles. Ilitazama uwanja wa kale wa mji. Ilikuwa na taa za gesi, mabafu katika kila ghorofa, na ua wa ndani wenye chemchemi na ndege. Wakati huo sehemu kubwa ya mji ilikuwa nyumba za udongo zenye paa la lami. Pío, aliyekaribia miaka 70, aliamini mji utakua kuzunguka uwanja ule.

Mji ulikua, ila kwa kuelekea kusini. Reli ya Southern Pacific ilifika mwaka 1876, na wafanyabiashara wakahama karibu na mitaa mipya. Wageni wakapungua, deni likabaki palepale, na mwaka 1880 benki iliyoshika rehani ikaichukua hoteli. Jengo bado limesimama, na bado linaitwa Pico House.

Mwaka huohuo wa reli, 1876, Andrés alifariki. Katika miaka ya 1850 alikuwa akichota mafuta yaliyojitokeza yenyewe juu ya ardhi katika korongo la milimani na kuyachemsha kwa ajili ya taa za Misheni ya San Fernando. Miezi michache baada ya kifo chake, Charles Mentry alipata mafuta katika kisima nambari 4 cha korongo hilohilo, kisima cha kwanza cha mafuta chenye faida ya kibiashara magharibi mwa Marekani. Kampuni iliyokiendeleza ndiyo iliyokuja kuwa Chevron. Kisima kiliendelea kutoa mafuta hadi mwaka 1990, na korongo linaitwa Pico.

Kesi, 1883–1894

Mwaka 1883 Pío alikuwa amebakiwa na El Ranchito na mali chache mjini. Akiwa amebanwa na madeni, alipokea dola 62,000 kutoka kwa mfanyabiashara Bernard Cohn na kutia saini karatasi, kwa mara nyingine za Kiingereza, kupitia mkalimani. Pío aliamini anaweka rehani. Karatasi zilisomeka kuwa ameuza. Muda mfupi baadaye alipotaka kulipa mkopo, Cohn alikataa akidai mali ni yake.

Shahidi muhimu alikuwa mkalimani mwenyewe, Francisco Johnson, aliyeapa mahakamani kwamba mzee alijua anauza. Pío alishindwa. Baadaye alirudi mahakamani akidai kwamba Johnson alihongwa na Cohn ili aseme uongo. Mwaka 1891 Mahakama ya Juu ya California ilitoa uamuzi wake: hata kama shahidi alisema uongo, na hata kama alilipwa kwa uongo huo, hukumu iliyokwisha kutolewa haibatilishwi kwa sababu hiyo. Lazima mashauri yawe na mwisho, majaji walisema.

Mwaka 1892, akiwa na miaka 91, gavana wa mwisho wa California ya Mexico alitolewa nyumbani kwake El Ranchito. Alifariki tarehe 11 Septemba 1894 nyumbani kwa binti yake Joaquina. Alizikwa Los Angeles karibu na mkewe María Ignacia Alvarado, na baadaye masalia yao yakahamishiwa mji wa City of Industry, yaliko hadi sasa.

Majina baada ya mtu

Mwanzoni mwa karne ya 20 nyumba ya El Ranchito ilikuwa inabomoka. Harriet Russell Strong, mkulima wa jirani aliyemfahamu mzee huyo, aliongoza juhudi za kuiokoa, na leo ni hifadhi ya historia ya jimbo mjini Whittier. Mwaka 1958 miji midogo ya Pico na Rivera iliungana na kupata hadhi ya mji mmoja, juu ya sehemu ya ardhi ile ya Paso de Bartolo. Hapo jina na ardhi vimekutana, na ni mahali pachache vinapokutana. Barabara ya Pico yenyewe haipiti katika ranchi yoyote kati ya zile kubwa za familia.

Kati ya vyote vyenye jina hili, naona kesi ile ndiyo yenye uzito zaidi. Pico dhidi ya Cohn haijafutwa; mawakili wa California bado huitaja kila panapotokea mtu anayetaka hukumu ibatilishwe kwa sababu shahidi alidanganya, na mara nyingi huitaja ili kumnyima. Mzee mwenye asili ya Sinaloa na Afrika alidhulumiwa kwa lugha asiyoijua, na mahakama ikaigeuza dhuluma hiyo kuwa kanuni. Anayesomesha kesi hiyo anapaswa kuwaeleza wanafunzi wake Pico alikuwa nani.